Ligombo si gitaa lililochongwa vibaya

Iringa utalisikia sana: eti ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, ni gitaa la wazungu lililoigwa na wazee kwa gogo. Si kweli, na ligombo lenyewe linatosha kuthibitisha.

Gitaa lina shingo. Mpigaji hubana uzi kwa vidole vya mkono mmoja, urefu unaotetema ukapungua, sauti ikapanda. Ligombo halina shingo wala mahali pa kubana. Ni ubao uliochimbwa kama hori, na mara nyingi waya mmoja tu hupitishwa kwenye pengo la ncha moja, ukavutwa hadi ncha ya pili, ukarudi, hivyo hivyo mpaka ujae. Kila mvuto una sauti yake moja. Ndiyo maana kupatanisha sauti zake ni kazi ya subira: ukikaza mvuto mmoja, wa jirani nao unaweza kulegea au kukaza. Anayetaka kulitengeneza upya aanze na mapengo hayo. Yakiwa mapana mno waya huteleza.

Ndugu zake wa kweli tunawajua: inanga ya Burundi na Rwanda imejengwa kwa mtindo huohuo. Gitaa la nyuzi sita la leo, kwa upande wake, lilikamilika umbo Hispania katika karne ya 19.

Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi ligombo huku mwaka 1950. Wanaojifunza kulichonga wasikilize rekodi hizo kwanza, kabla ya kushika gitaa lolote.