Uuguzi Uingereza: mtihani haujafutwa

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: eti muuguzi mwenye leseni ya nyumbani anaanza kazi Uingereza bila mtihani, mradi amlipe wakala “ada ya nafasi”. Si kweli. Mitihani ni miwili, wa kompyuta na wa vitendo, mbali na uthibitisho wa Kiingereza. Mkanganyiko unaeleweka: ule wa vitendo hufanyiwa kulekule Uingereza, mara nyingi baada ya kuwasili, hivyo jirani humwona mtu akipanda ndege akadhani hakutahiniwa. Tena kanuni za huko zinamkataza wakala kumtoza muuguzi kwa kumtafutia kazi. Fungua tovuti ya msajili wa wauguzi wa Uingereza, usome masharti mwenyewe. Ujumbe huo, tafadhali, usiusambaze. Kuna anayeweza kuuza shamba kwa ajili yake.