Anayelipia Pampu Ndiye Anayeikanyaga?

Mbunifu akiniletea mashine mpya, kabla sijaigusa namuuliza: nani atatoa pesa mfukoni, na je, ni yeye atakayeitumia?

Tazama PlayPump ya Afrika Kusini. Ni pembea ya kuzunguka. Watoto wanaisukuma wakicheza, maji yanapanda tangini. Wazo tamu, na mwaka 2006 liliahidiwa dola milioni 16.4. Ila nguvu haitoki hewani. Mwaka 2009 gazeti la Guardian lilipiga hesabu: ili mtambo mmoja utosheleze watu 2,500 waliolengwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku! Watoto walipochoka, akina mama ndio waliobaki wakiisukuma, na kwingine pampu ya mkono waliyoizoea ilikuwa imeshang'olewa. Lakini mlipaji alikuwa mfadhili, na picha ya watoto wakicheka alikuwa ameshaipata.

Sasa linganisha na MoneyMaker, pampu ya kukanyaga. Chimbuko la pampu za aina hii ni Bangladesh. Martin Fisher na Nick Moon, walioanzisha shirika la ApproTEC jijini Nairobi mwaka 1991 (siku hizi KickStart), waliamua kuwauzia wakulima badala ya kuzigawa bure. Uamuzi huo ulibadilisha hata chuma chenyewe. Mkulima anayelipa hataki maji yamwagike tu mdomoni mwa pampu. Shamba lake liko mlimani, kisima kiko bondeni. Ndipo mwaka 1998 ikaja Super MoneyMaker, inayosukuma maji kupitia mpira wa maji hadi juu. Tena huyo mkulima anataka kuibeba jioni akailaze ndani, wezi wasije.

Hesabu yake inaingia akilini. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa wati 75 hivi kwa muda mrefu. Kuinua lita moja kwa sekunde hadi mita 7 kunahitaji takriban wati 69, kabla hujaongeza zinazopotea kwenye msuguano. Kwa hiyo pampu isiyobana vizuri inamchosha mtu bure.

Hapo naangalia mpira unaobana pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda ya pampu. Unasuguana na silinda mchana kutwa, maji ya mto yana mchanga, lazima ulike. Mwenye pampu aweze kuuchomoa na kuweka mwingine pale pale shambani, na huo mwingine aupate kwenye agrovet ya sokoni kwao. Mchoro ambao kila ukikwama unamsubiri fundi kutoka mjini naurudisha mezani, hata uwe na ustadi gani.

Bei ndiyo inayosumbua zaidi. Pampu inatakiwa kiangazi, na kiangazi mfuko wa mkulima ni mkavu kama shamba; pesa huja akivuna. KickStart walibuni mpango wa Tone kwa Tone Pata Pampu: mkulima anatuma kidogo kidogo kwa simu mpaka bei itimie, ndipo anakabidhiwa pampu. Kwangu mimi huo ni usanifu wa mashine sawasawa na vali na pistoni.