Covox ni nini? Rezista 16 zinazoipa kompyuta ya zamani sauti

Ukimwambia mtu kompyuta ya DOS (mfumo uliotumika kabla ya Windows) inaweza kupiga muziki kupitia poti ya printa anadhani unamdanganya, ila ni kweli kabisa na kifaa chenyewe ndo kinaitwa Covox. Ni kitu kidogo unachomeka nyuma ya mashine pale pa printa, ndani hakuna chipu, hakuna betri, ni rezista tu, yaani vipande vya kuzuia umeme kiasi, zimepangwa kwa mpango maalum halafu waya unatoka kwenda kwenye amplifaya.

IBM PC ya 1981 ilikuja na spika moja ndogo ndani ya boksi, na spika hiyo ilijua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima, ndo maana ilikuwa inalia pii pii. Kadi ya AdLib ya 1987 ikaleta muziki wa chipu, Sound Blaster ya 1989 ikaongeza na sauti za kurekodi, lakini hizo ni kadi za kununua na bei haikuwa ya mchezo. Kampuni ya Covox ya mji wa Eugene, Oregon, Marekani, yenyewe ikatoa mwishoni mwa miaka ya 80 kifaa chake kilichoitwa Speech Thing, na mtu yeyote anayejua umeme kidogo akikifungua anaona kilivyoundwa. Kule Poland, Chekoslovakia na Muungano wa Sovieti, ambako kadi za nje zilikuwa ghali na kuzipata ni kazi, watu wakaanza kujitengenezea za kwao mezani, mpaka jina Covox likabaki kwa kila kifaa cha aina hiyo hata kama kampuni haikukigusa.

Sasa inafanyaje kazi. Poti ya printa ina pini 25, na pini 2 mpaka 9 ndo zinabeba data, biti nane kwa mpigo. Kila pini ama ina volti karibu 5 ama haina kitu. Sauti nayo inahitaji volti moja inayopanda na kushuka taratibu, kwa hiyo lazima hizo biti nane zichanganywe ziwe volti moja, na hapo ndo inaingia ngazi ya R-2R, ambayo mimi naona ni moja ya saketi nzuri kuliko zote ambazo mtu anaweza kuunda kwa mkono.

Unachukua rezista za aina mbili, moja mara mbili ya mwenzake, tuseme omu 10,000 na omu 20,000. Kila pini ya data inapitia rezista yake ya 20,000, halafu ncha za upande wa pili unaziunganisha mfululizo kwa zile za 10,000, na kwenye mwisho wa upande wa pini 2 unaongeza ya 20,000 nyingine inayoenda graundi, ambayo ni pini 18 mpaka 25. Hesabu inakuja 9 za 20,000 na 7 za 10,000. Sauti unaichukua upande wa pini 9. Mpangilio huo unafanya pini 9 peke yake itoe nusu ya volti yote, yaani 2.5, pini 8 itoe 1.25, pini 7 itoe 0.625, na inaendelea kugawanyika nusu kwa nusu mpaka pini 2 inayotoa kama 0.02 tu. Programu ikituma namba 160, zinawaka pini 9 na pini 7, unapata 3.125. Namba ziko 0 mpaka 255, so una viwango 256 vya volti.

Kwa sababu hiyo usitumie rezista za asilimia 5 kama za asilimia 1 zipo, maana kosa la asilimia 5 kwenye rezista ya pini 9 ni kubwa kuliko mchango wote wa pini 2, na sauti inakuwa na mikwaruzo.

Kazi kubwa yote inabaki kwa prosesa. Sound Blaster inavuta data yenyewe kutoka memori kwa DMA, yaani bila kupitia prosesa, ila Covox haina akili hiyo, ukitaka sampuli (yaani namba za sauti) 11,000 kwa sekunde basi prosesa lazima iache inachofanya mara 11,000 kila sekunde itume namba kwenye poti, na ikichelewa kidogo unasikia. Kifaa cha Disney Sound Source kilipunguza shida hiyo kwa kuweka akiba ya baiti 16, lakini kasi yake ikawa imefungwa kwenye hertz 7,000 hivi.

Usichomeke hedifoni moja kwa moja, ngazi hii haina nguvu ya kuisukuma, peleka kwenye amplifaya na weka kapasita katikati ya njia izuie ile volti ya 2.5 iliyosimama, pamoja na potenshomita ya kupunguza sauti. Ukimya kwenye Covox ni namba 128, siyo 0, ndo maana programu ikianza spika inapiga "pwaa". Na adapta za USB za printa hapa hazisaidii, lazima poti halisi ya kwenye madabodi au kadi.

Kabla ya amplifaya pima na mita, huku ukihakikisha hakuna pini mbili zimegusana maana unaweza kuua chipu ya poti. Kwenye DOS fungua DEBUG, programu ndogo inayokuja nayo, andika o 378 ff (378 ni anwani ya kawaida ya poti, ff ni 255 kwa hesabu ya heksa), soma volti kwenye ncha ya sauti (poti nyingi za zamani hazifikishi 5 kamili, usishtuke), halafu o 378 80 (80 ya heksa ni 128), mita inatakiwa ishuke mpaka nusu ya ile ya kwanza, na o 378 0 irudi karibu sifuri. Isiposhuka nusu, anza kukagua rezista za upande wa pini 9.