Kurudi kwa Mtoto Baada ya Kumfokea

Wazazi wengi wanaofika katika kitengo chetu cha malezi na makuzi huanza kwa kumshtaki mtoto: hataki kulala, anang'ata wenzake, analia kwa jambo ambalo mtu mzima halioni. Wakishatulia, hugeuka na kujishtaki wenyewe. Walimfokea mtoto, au walimvuta mkono kwa nguvu, kisha wakakesha wakijilaumu na kujiuliza kama wamemharibu. Swali hilo linastahili jibu la makini, kwa sababu hakuna mzazi asiyeishiwa na subira, na anachofanya mzazi baada ya kuishiwa nayo kina uzito mkubwa katika malezi kuliko wengi wetu tulivyofundishwa.

Tuitazame asubuhi ya kawaida. Mtoto wa miaka miwili na nusu ameketi sakafuni, ameshika kiatu cha kulia na anataka kukivaa mwenyewe. Anakiingiza mguu wa kushoto, anakivua, anakigeuzageuza, kisha anakirudisha mguu uleule. Muda wa kutoka umekwisha. Mzazi anamnyang'anya kiatu na kumvalisha kwa haraka, mtoto anajitupa chini na kugaagaa, analia hadi anapaliwa, na mzazi anapaza sauti ambayo hata yeye mwenyewe haipendi.

Mtu anayepita mlangoni angeona ukaidi. Mimi naona mtoto aliyekuwa kazini, akijifunza kazi ngumu ya vidole na macho, ambaye amekatizwa kabla hajamaliza na hana maneno ya kutosha kueleza uchungu wake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha binadamu kujizuia na kusubiri, huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine, na huendelea kukua hadi mtu anapopita umri wa miaka 20. Ndiyo maana vilio vya namna hii ni vya kawaida sana kati ya mwaka 1 na miaka 3, na kwa kawaida hupungua kadiri mtoto anavyopata lugha. Kumwambia mtoto huyo atulie mara moja ni kumdai kitu ambacho bado hana, nacho hukipata polepole kwa kutulizwa na mtu mwingine.

Kwa mtoto mchanga jambo hili ni zito zaidi. Kilio cha mchanga huongezeka katika wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4, na mara nyingine huendelea hata kama ameshiba, amebadilishwa nepi na yumo kifuani. Kulia huko hakumaanishi kwamba mama ameshindwa. Mzazi akihisi hasira inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke chumbani kwa dakika chache, apumue, kisha arudi kumtazama. Kamwe asimtikise: shingo ya mchanga haina nguvu, na kutikiswa kunaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya ubongo. Mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au anayekataa kunyonya, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha kwa dakika chache waukaushe uso bila kujibu chochote. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele za kuita, na walipokosa jibu wakageuza nyuso zao kando kwa huzuni. Wengi hulikumbuka jaribio hili kwa huzuni hiyo tu. Mimi huwaeleza wazazi zaidi juu ya kile alichokiona katika michezo ya kawaida: hata mama mwenye upendo mwingi na mtoto wake hupishana kwa sehemu kubwa ya muda. Mmoja anatazama huku, mwingine kule, kisha wanatafutana na kupatana tena. Katika kupatana huko kunakorudiwa mara nyingi, mtoto hujifunza kwamba uhusiano ukilegea unaweza kukazwa upya.

Kumrudia mtoto baada ya kumfokea kunaanza na mzazi kujituliza mwenyewe kwanza. Kisha achuchumae, macho yakutane na macho, aseme kwa maneno machache na ya kweli: "Nilikufokea. Sauti yangu ilikutisha. Samahani, mwanangu." Aishie hapo. Anayeongeza "lakini na wewe ungenisikia" amekwisha kuigeuza radhi kuwa shtaka jipya, na mtoto huutambua mgeuko huo hata kabla hajayaelewa maneno yote. Wapo wanaohofu kwamba mzazi akiomba radhi atapoteza heshima. Sijawahi kuliona hilo likitokea. Mipaka hubaki palepale: kiatu lazima kivaliwe, na mwenzake asing'atwe.

Radhi, hata hivyo, haifuti kipigo. Mtoto anayepigwa jioni na kubembelezwa usiku huishi kwa kuvizia hali ya mzazi, na hofu hiyo humnyima utulivu wa kujifunza. Sweden ilipiga marufuku adhabu ya viboko hata nyumbani mwaka 1979, ya kwanza duniani, na nchi nyingi zimefuata. Mzazi anayeona hasira inamshinda kila siku, au huzuni isiyoondoka baada ya kujifungua, aende kituo cha afya aeleze hivyo hivyo ilivyo. Sonona baada ya uzazi ni ugonjwa unaotibika.

Magomvi mengine huisha kwa jambo dogo tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4, na wengi tunaowaona hawafikishi. Asubuhi nazo huwa nyepesi zaidi iwapo viatu vitawekwa mbele ya mtoto mapema, kabla ya shughuli nyingine zote, ili apate dakika zake za kukosea. Siku anayofaulu, huinua mguu juu auonyeshe, na mtu wa kwanza anayemtafuta kwa macho ni yule yule aliyemfokea jana.