Mtu anabadilisha simu ila kampuni habadilishi, kwa nini?

Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma, huu mwaka wa 11 nafungua simu za watu, na wateja wengi wanaokuja kuniuliza ushauri wanakuwa washaamua zamani. Fundi, kuna Tecno mpya nimeiona, niichukue? Mwingine ni Samsung tu hata umwambie nini, mwingine bora anunue iPhone ya mtumba kuliko simu nyingine mpya. Watu wanasema ni sifa au ushamba, mi nakataa kabisa. Mtu hang'ang'anii jina, anang'ang'ania maisha yake ambayo ashayapanga ndani ya ile simu.

Juzi kati alikuja mama mmoja anauza dagaa Kibirizi, Infinix yake kioo kimekufa, mistari ya kijani juu mpaka chini, na mkononi ana simu mpya kwenye boksi, kampuni nyingine, mwanae kamtumia toka Dar. Akaiweka mezani, fundi, hii nzuri ila nitengenezee yangu. Nikamuuliza kwa nini mama, akanionyesha pale pa kuweka laini kwenye ile mpya, nafasi ya pili inabidi uchague mwenyewe, laini au memori kadi. Sasa yeye ana laini ya Tanzania na ya Burundi maana wateja wake wako Bujumbura, na kwaya zake zote ziko kwenye memori kadi, aache kipi hapo?

Hapo ndo walipotushika Transsion, kampuni ya Shenzhen, China, ndo wenye Tecno, itel na Infinix zote tatu. Walianza 2006 na mapema tu wakaona Afrika mtu mmoja ana laini mbili tatu, wakaleta simu za laini mbili wakati Nokia nyingi zilikuwa bado za laini moja. Halafu kamera wakaiseti kwa ngozi yetu, ukipiga picha jioni sura inaonekana.

Kingine ni spea, na hili wanaoandika kuhusu simu wanalipita tu. Kioo cha simu iliyozagaa nakipata mjini hapa hapa, cha simu isiyo na watu naagiza Dar, zaidi ya kilomita 1,000, kinasubiri basi, na mteja hela yake yote iko kwenye laini. Kwa hiyo watu wananunua ile yenye spea, na spea zinaletwa za ile inayonunuliwa, inazunguka hivyo hivyo. Kuna mzee wa Ujiji bado ana Nokia 1100, ile ya tochi iliyotoka 2003, betri yake BL-5C inapatikana mpaka leo, anaiachaje?

Wa iPhone nao wana kifungo chao. Mpaka 2021 hapakuwa na njia rasmi ya kuhamisha meseji za WhatsApp toka iPhone kwenda Android, ukihama unaacha kila kitu, na wengi huku hawajui kama njia ipo siku hizi. Chaji pia, toka 2012 mpaka ilipotoka iPhone 15 mwaka 2023 walikuwa na waya wao peke yao.

Na Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, nadhani watu waliogopa majina wasiyoyajua moja kwa moja. Mpaka leo mtu analeta simu mpya anataka nimbonyezee *#06#, ile ya kutoa namba ya IMEI ya simu, nimhakikishie kwanza kama si feki.

Yule mama kioo nilimbadilishia siku ile ile, ile mpya akaniachia nimuuzie. Kijana wa kwanza kuishika akaigeuza geuza, akaipenda kabisa, akaniuliza kioo chake kikipasuka kipo? Nikamwambia ukweli, kipo Dar. Akairudisha kwenye boksi.