Nyuki wa Tanga hawakushinda vita

Husimuliwa mara nyingi kwamba Novemba 1914 Waingereza walishindwa kuiteka Tanga kwa sababu Wajerumani waliwategea nyuki. Nyuki walikuwapo kweli: vurumai za mapigano ziliwatibua mizingani (mizinga ya asali, si ya vita), wakawauma askari wa pande zote mbili bila kubagua.

Lakini mambo yalikwisha kuharibika mapema. Tarehe 2, nahodha wa manowari Fox aliutaka mji usalimu amri, kisha muda mwingi ukapotea katika kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo, huku Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akisafirisha askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Hatimaye alikuwa na watu wapatao 1,000 dhidi ya wavamizi takriban 8,000, wengi wao Wahindi walioteremshwa Ras Kasone, karibu na mji, wakiwa hoi kwa safari ndefu ya bahari. Jenerali wao, Aitken, alikuwa amekataa msaada wa askari wa Keya (King's African Rifles, kikosi cha Waafrika katika jeshi la Waingereza), walioijua nchi. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa zaidi. Alasiri ya tarehe 4 wavamizi walishambuliwa ubavuni, wakarudi nyuma hadi pwani, na kesho yake wakapanda meli, wakiacha bunduki na risasi tele.