Nani aliyevipa majina vipande vidogo vilivyo kati ya nota?

Anzia do ya chini upande kwa kwinti safi: do, sol, re, la, mi. Mi unayoifikia haipatani na mi ambayo kwaya yenye masikio makali ingeiimba juu ya do. Imezidi kidogo. Kwinti safi, kama do hadi sol, ni 3/2: nota ya juu inatetema mara tatu kila ya chini inapotetema mara mbili. Kwinti nne ni 81/16, na ukishusha oktava mbili (oktava ni do hadi do inayofuata, 2/1) unabaki na 81/64. Mi ya kwaya ni 5/4, yaani 80/64. Tofauti ni 81/80, kama senti 21.5 kwa kipimo cha senti 1200 kwa oktava. Sisi tunaotyuni vinanda tunaiita koma ya Didymus, Mgiriki wa kale wa nadharia ya muziki.

Koma kwa Kigiriki ni kipande kilichokatwa, na limma ni kilichosalia. Kutoka do hadi fa ni 4/3. Ukitoa toni mbili (hatua kama do hadi re) za 9/8, panasalia 256/243. Basi, hiyo ndiyo limma. Jina linataja kilichofanyika kwenye hesabu, ukubwa halisemi kitu.

Ndiyo maana majina yanahamahama. Philolaus, mfuasi wa Pythagoras wa karne ya 5 K.K., 256/243 hiyohiyo aliiita diesisi. Leo ukiniambia diesisi nitaelewa 128/125: panga do–mi safi tatu za 5/4 moja juu ya nyingine, oktava haifiki, zinapungua senti 41. Hata nusu ya ile ya Philolaus haifiki!

Mwaka 1890 Mjapani Shohé Tanaka, aliyesomea Berlin, alifuata mtindo huohuo. Hatua sita safi za la–do (6/5) zinakaribia sana oktava na kwinti. Pengo ni 15625/15552, senti 8 hivi. Akaliita kleisma, yaani kifungo. Napenda majina ya namna hii kuliko ya watu. "Koma ya Mercator" (mwanahesabu Nicholas, si yule wa ramani) haikudokezei kwamba kwinti 53 zinapita oktava 31 kwa senti 3.6 tu.

Pengo hilo ni dogo kiasi kwamba ukigawanya oktava sawasawa mara 53, kwinti hubaki karibu safi. Kila sehemu ni senti 22.6, katikati ya koma ya Didymus na ya Pythagoras (senti 23.5, ziada ya kwinti 12 juu ya oktava 7), kwa hiyo nayo ikaitwa koma. Wanamuziki wa Uturuki wanahesabia hiyo: toni moja, koma tisa.